Kisu cha John Wayne kinamdanganya nani?

Kampuni ya W.R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, ni moja ya viwanda vichache vilivyobaki Marekani vinavyotengeneza visu vya mfukoni kwa mtindo wa zamani. Kando ya visu vyake vya kawaida vimekuwa vikitoka pia visu vyenye majina ya watu: John Wayne mwigizaji, Johnny Cash mwanamuziki, Dale Earnhardt dereva wa mashindano ya magari. Wote watatu ni marehemu. Kisu chenyewe ni kilekile ambacho Case hutengeneza mwaka hadi mwaka, ila mpini umepewa rangi au pambo la pekee, na bapa limechorwa jina, sahihi au sura. Wanunuzi wapo. Mtetezi miongoni mwa wapenzi wa visu ndiye haba.

Mabishano haya nimeyafuatilia kwa muda, na kadiri ninavyoyasikiliza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba jina la staa linabebeshwa kosa la mwingine. Lakini tuanze na wanaolalamika, maana si watu wa kupuuzwa. Wengi wao wanakijua kisu kuliko hata anayekiuza.

Wanasema hivi. Kisu cha jina huuzwa ghali kuliko mwenzake asiye na jina, ilhali chuma ni kilekile na springi ni ileile; nyongeza hiyo huishia kwa wenye haki za jina, fundi haioni. John Wayne hakukibuni kisu hicho wala hakukishika. Alifariki mwaka 1979. Abraham Lincoln alikuwa na kisu mfukoni usiku alipopigwa risasi mwaka 1865, na kisu hicho kimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na miwani yake na leso yake. Hicho kina haki ya kuitwa kisu cha Lincoln. Hiki cha Wayne kina haki ya karatasi ya mkataba tu. Halafu, wanaongeza, kisu cha namna hii hakikati kitu: kinatoka dukani kinaingia kwenye droo, ndani ya kiboksi chake, kikingoja kupanda bei ambayo haipandi. Na hoja wanayofungia mjadala ni ile ambayo sisi tungeimaliza kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisu kizuri kina haja gani ya kushikwa mkono na mcheza sinema?

Hiyo ya mwisho nitairudia, kwa sababu inasemwa kwa uhakika mwingi kuliko nyingine zote na ndiyo yenye tatizo kubwa. Kwanza tukitazame kisu.

Kisu cha kukunja cha jadi hakina kifungo. Bapa likifunguliwa huzuiwa na springi ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini, na ukilisukuma kwa nguvu ya kutosha linarudi ndani. Ustadi wote uko kwenye namna vipande hivyo vilivyooanishwa. Mjuzi akipewa kisu kipya hukiinua kwenye mwanga wa dirisha akachungulia kati ya springi na bati la ubavuni. Akiona uzi wa mwanga unapita, tayari amekikatia maksi. Kisha huingiza ukucha kwenye kijishimo cha bapa akalivuta polepole, huku anasikiliza. Likifika mwisho linatakiwa kutoa mlio mkavu, na likishafunguka lisicheze kushoto wala kulia. Baada ya hapo hupitisha kidole gumba pale mfupa wa mpini unapokutana na kichwa cha chuma. Kidole kikikwama hata kidogo, kuna fundi aliyekuwa na haraka siku hiyo.

Chukua Trapper ya Case, mmoja wa miundo ya visu vyake vya kukunja. Ikiwa imefungwa ina urefu wa sentimita 10 na kitu, na ndani yake kuna mabapa mawili marefu. Moja lina ncha kali. La pili lina ncha butu, umbo lililoanza kama bapa la kuhasia mifugo na likapendwa na wawindaji kwa sababu halitoboi ngozi wakati wa kuchuna. Namba ya muundo hupigwa chapa kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini. 6254 ni Trapper ya mpini wa mfupa: 6 ni mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni muundo. Mimi ninayo ya mpini wa njano, 3254, na kazi yake kubwa ni machungwa. Sasa badilisha mpini uwe mweusi kwa heshima ya Johnny Cash, ambaye alijulikana kwa nguo zake nyeusi, na uchore jina lake kwenye bapa. 54 inabaki 54. Springi haikuguswa, na unene wa bapa na namna chuma kilivyopashwa moto hadi kikakomaa ni vilevile. Kama uzi wa mwanga unapita hapa, ungepita pia kwenye Trapper isiyo na jina iliyotoka kiwandani humo wiki hiyohiyo. Mpenzi wa visu anayetaka kuwa mkweli atakubali kwamba vipimo vyake vyote, vile anavyojivunia, haviwezi kutenganisha visu hivi viwili.

Dharau basi inatoka wapi? Naona inatoka kwenye historia, na historia hiyo si ya uongo. Majina ya watu maarufu kwenye visu vya mfukoni ni ya zamani. Miaka ya 1930 kiwanda cha Camillus cha New York kilitoa kisu kidogo chenye umbo la gongo la besiboli na jina la Babe Ruth, mchezaji mashuhuri wa mchezo huo. Miaka ya 1950, televisheni ilipoingia majumbani, watoto wa Kimarekani walitaka visu vya Roy Rogers na Hopalong Cassidy, mashujaa wa filamu za kauboi, na watengenezaji wakawapa walichotaka kwa bei ya mtoto: mpini wa bati jembamba lililokunjwa na kufunikwa plastiki yenye picha, bapa laini lisilokaa na makali. Baadaye zikaja kampuni za kuuza kumbukumbu kwa njia ya posta, Franklin Mint ikiwa maarufu kuliko zote, na visu vyao vya kung'aa ndani ya vikoba vya kitambaa, vilivyotengenezwa kutazamwa. Mtu aliyekua akiviona hivyo, akisikia leo kisu chenye jina la staa, mkono wake unakumbuka lile bati jembamba. Ana haki ya kukumbuka. Hana haki ya kuihukumu Trapper kwa kosa la Roy Rogers.

Na kama tatizo ni jina la mtu kuwekwa kwenye kisu, itabidi tuwaondoe wengi. Barlow, muundo unaoheshimiwa kuliko karibu wote, ni jina la ukoo wa wafua visu wa Sheffield, Uingereza, tangu karne ya 17, na hadi leo viwanda visivyo na uhusiano wowote na ukoo huo hupiga chapa ya BARLOW kwenye kichwa cha mpini bila mtu kunung'unika. Kisu kidogo cha Case ambacho Rais Dwight Eisenhower alikuwa akiwagawia watu kama zawadi kinaitwa Eisenhower mpaka leo, na wakusanyaji wanakipenda. Schrade, kiwanda kingine cha Marekani, walikuwa na visu vya Uncle Henry vyenye sahihi ya Henry Baer, mkuu wa kampuni, na dhamana ya ajabu: ukikipoteza kisu chako ndani ya mwaka wa kwanza, unaletewa kingine. Sahihi hiyo ilikuwa ya biashara kama zilivyo sahihi zote za biashara, lakini leo wazee wanaiongelea kwa mapenzi.

Great Eastern Cutlery, kiwanda cha visu cha Titusville, Pennsylvania, ndiyo kipenzi halisi cha wale wanaojiona walinzi wa jadi. Ilianza mwaka 2006, inatumia zaidi chuma cha kaboni cha 1095, na hutoa visu kwa mafungu madogo ambayo hugombaniwa. Visu vyake vinauzwa kwa majina gani? Northfield na Tidioute, majina ya viwanda vilivyokufa zamani, yakafufuliwa na watu wasiokuwa na undugu navyo. Silaumu. Visu ni vizuri mno. Ninachosema ni kwamba marehemu wa Northfield hawakuulizwa, sawa na John Wayne.

Sasa turudi kwenye chema chajiuza.

Mwaka 2004 kiwanda cha Imperial Schrade cha Ellenville, New York, kilifunga milango na wafanyakazi zaidi ya 200 wakarudi nyumbani. Kiwanda hiki kilikuwa kikitengeneza Old Timer, kisu cha mpini wa kahawia wenye mikwaruzo ya msumeno, ambacho wakulima na maseremala walikuwa nacho mfukoni kama walivyokuwa na funguo. Chuma chake cha kaboni kilikuwa kizuri, springi zake ngumu, bei yake ya mtu wa kawaida. Kilikuwa chema kwa kila kipimo nilichokitaja hapo juu, na hakikujiuza. Camillus, kile cha Babe Ruth, ambacho pia kilitengeneza visu vya jeshi kwa miongo mingi, kikafa mwaka 2007. Queen, kilichoanza mwaka 1922 huko Titusville na kilichopendwa kwa mipini yake ya mfupa, kikafungwa mwaka 2018. Hakuna kati ya hivi vitatu kilichoangushwa na kutengeneza visu vibaya. Viliangushwa na madeni, na visu vya bei ndogo kutoka Asia, na ukweli mchungu kwamba mwanamume wa mjini siku hizi hana kazi ya kisu mfukoni.

Ningependa wanaoichukia Trapper ya Johnny Cash wakae kidogo na kilichofuata baada ya 2004, kwa sababu ndicho kinachonisumbua mimi kuliko sahihi yoyote ya mwimbaji. Jengo la Ellenville lilinyamaza, lakini Old Timer haikufa. Jina liliuzwa. Likanunuliwa na Taylor Brands ya Tennessee, ambao wakaagiza visu kutoka China, wakaviwekea mpini uleule wa kahawia na ngao ileile ndogo yenye maneno Old Timer. Mwaka 2016 Taylor Brands nayo ikanunuliwa na Smith & Wesson. Jina la Camillus nalo likachukuliwa na kampuni ya Acme United. Mtu akiingia dukani leo kumtafutia baba yake kisu kama kile alichopoteza mwaka 1985, atakikuta: rangi ni hiyo, jina ni hilo, pakiti inasema yale yale. Kilichobadilika ni chuma, mikono na nchi, na vyote vitatu vimeandikwa kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo ninapoachana na walinzi wa jadi. Wao wanasema jina la staa ni udanganyifu. Nani kadanganywa? Hakuna mtu duniani anayenunua Trapper ya John Wayne akidhani Wayne alikaa kiwandani akipiga msasa. Kila kitu kiko wazi: mtengenezaji ni Case, chapa ya Case iko kwenye shina, na Wayne ni pambo. Jina la kiwanda ndilo lenye uwezo wa kudanganya, kwa sababu linaahidi jambo fulani kuhusu chuma, na ahadi hiyo inaweza kuuzwa mnadani ikiwa imetenganishwa na watu walioweza kuitimiza. Wafaransa wanalijua hili kwa uchungu. Kijiji cha Laguiole, mkoani Aveyron, kimeipa dunia umbo la kisu linalotambulika kwa nyuki wake mdogo wa chuma mwanzoni mwa springi. Mwaka 1993 mfanyabiashara wa mbali alisajili jina la kijiji kama alama yake ya biashara, akaanza kutoa leseni za bidhaa za kila aina. Mwaka 2012 wanakijiji, kwa hasira, waling'oa kibao cha barabarani chenye jina la kijiji chao wenyewe. Sijasikia kijiji chochote kilichong'oa kibao kwa sababu ya Johnny Cash.

Turudi Bradford. Case ilinunuliwa mwaka 1993 na Zippo, kampuni ya viberiti vya mafuta iliyoko mji huohuo. Zippo inajua kitu kimoja kuliko karibu kila mtu: namna ya kuchukua chombo ambacho hakijabadilika kwa miongo na kukiuza upya kwa kubadilisha kinachochorwa juu yake. Kiberiti ni kilekile, leo kina Elvis, kesho kina bendera. Case nayo ndivyo inavyoishi. Kuunda muundo mpya wa kisu ni gharama kubwa, kwa maana ya vibao vya kukatia chuma, springi mpya, na mafundi wa kujifunza upya. Kubadilisha mpini na mchoro ni gharama ndogo. Kwa hiyo wanaosema kila Trapper ya staa imechukua nafasi ya muundo wa kale ambao ungefufuliwa, wanahesabu vibaya. Staa hakukalia kiti cha muundo wa kale. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ndiye anayelipia kiti hicho.

Na wanunuzi ni akina nani? Hapa wapenzi wa visu wananichekesha kidogo, kwa sababu wanaamini kila kisu kinachotengenezwa kimeelekezwa kwao. Trapper ya Johnny Cash haimtafuti mtu anayejua tofauti ya 6254 na 6318. Inamtafuta binti anayesimama mbele ya kabati la vioo la duka la pembejeo wiki moja kabla ya sikukuu, mwenye baba aliyekua akisikiliza Cash redioni na ambaye siku zote alikuwa na kisu mfukoni. Visu viko arobaini kwenye kabati hilo na kwake vyote ni kisu. Jina moja analijua. Huyo binti asingenunua 6254 ya kawaida, angenunua shati. Ametoka na kisu kilichotengenezwa Pennsylvania, na mfanyakazi mmoja wa Bradford amepata kazi ya kufunga ribeti. Sioni nani kaibiwa.

Sisi wa huku hatupaswi kupata shida kulielewa hili. Mwaka 2008 akina mama Tanzania walivaa kanga yenye sura ya rais mteule wa Marekani na maandishi "Hongera Barack Obama", na chini yake "Upendo na amani ametujalia Mungu". Obama hakufuma kitambaa. Hakuna aliyesema kanga ile si kanga kwa sababu ina picha ya mtu. Walioijua kanga waliipima kwa uzito wa pamba na kwa rangi kutochuja, kama wanavyoipima nyingine yoyote, na aliyeipenda akaifunga.

Habari ya droo ina ukweli, lakini ni ukweli unaowahusu wote. Soko la wakusanyaji, wale wa jadi kabisa, linaadhibu kisu kilichotumika. Bapa likinolewa mara tatu bei imeanguka. Kisu ambacho hakijawahi kuona tufaha ndicho kinachoitwa kizima. Case yenyewe imewarahisishia: tangu mwaka 1970 iliweka nukta kumi chini ya chapa yake, ikawa inaondoa moja kila mwaka, kiasi kwamba mtu aliyezoea anasoma mwaka wa kuzaliwa wa kisu kwa kuhesabu vidoa. Klabu ya wakusanyaji wa Case ipo tangu 1981. Watu hawa wana makabati yaliyojaa visu vya nukta saba na nukta nane ambavyo havijakata hata kamba. Halafu wanamcheka aliyeweka cha Earnhardt kwenye kiboksi.

Visu vya majina nimevitetea vya kutosha. Kuna mahali siwezi kuvitetea.

Vyeti, kwa mfano. Kisu kinapouzwa na karatasi yenye nambari, kana kwamba ni hisa za benki, mnunuzi anaambiwa bila kuambiwa kwamba fedha yake itazaa. Haizai. Kinachotolewa maelfu kwa maelfu na kutunzwa vizuri na kila aliyekinunua hakiwezi kuadimika, na wajane wanaopeleka mikusanyo ya waume zao mnadani ndio wanaolipia somo hilo. Hapo walalamikaji wako sahihi kabisa, na sijui kwa nini hawalishikilii hili badala ya kubishana kuhusu usafi wa jadi. Nyongeza ya bei nayo naikubali ikiwa ndogo. Ikishafika mahali ambapo kwa fedha hiyo ungepata kisu cha jadi chenye mpini bora na chuma cha kaboni, jina limeanza kula nyama na kukuachia mfupa.

Lipo jambo zito zaidi ambalo wapenzi wa visu hulizunguka, labda kwa sababu linaleta ugomvi wa aina nyingine. Mwaka 1971, katika mahojiano na jarida la Playboy, John Wayne alisema anaamini ukuu wa watu weupe mpaka watu weusi waelimike kiasi cha kuweza kuwajibika, na kwamba haoni kosa katika Wazungu kuchukua ardhi ya Wenyeji wa Marekani. Maneno hayo yako kwenye kumbukumbu, hayana ubishi. Mwaka 2020 chama cha Democratic cha kaunti ya Orange, California, kilipitisha azimio la kutaka jina lake liondolewe kwenye uwanja wa ndege uliokuwa umepewa jina hilo tangu 1979. Uwanja wa ndege unaweza kubadilishiwa kibao. Kisu kilichomo mfukoni mwako, chenye sura ya mtu huyo mpinini, utafanya nini? Mimi ni mtu mweusi na sitakibeba, hata kama springi yake inalia vizuri namna gani. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuweka watu kwenye visu, na haihusiani na ubora hata chembe: kisu kikitunzwa kinadumu miaka themanini, lakini heshima ya mtu haina dhamana ya namna hiyo. Muundo wa Trapper hautahojiwa na jarida lolote.

Lakini angalia hoja hii inapotupeleka. Inatutaka tuchague majina kwa uangalifu, jambo ambalo ni la haki. Haisemi jina lenyewe ni uchafu. Wafaransa wale wa Laguiole, walipotaka kurudisha uhunzi kijijini kwao mwaka 1987 baada ya kazi hiyo kuhamia Thiers, mji mwingine wa visu wa Ufaransa, kwa miongo mingi, walimwendea Philippe Starck, mbunifu ambaye jina lake tayari lilikuwa linauza viti. Aliwachorea kiwanda chenye bapa la mita 18 linalochomoza juu ya paa, na akawabunia kisu pia. Huyo alikuwa staa, na aliitwa kwa sababu alikuwa staa. Ila alishika penseli. Kama Case wangetafuta zaidi watu wa namna hiyo walio hai, mwanamuziki anayechonga, mkulima anayejulikana, mtu anayeweza kusema bapa la pili liwe fupi kidogo na kueleza kwa nini, nusu ya lawama zingekosa pa kushika.

Kwa waliobaki, yaani marehemu wa leseni, nina ombi moja dogo kwa wanaochora visu hivi. Waandike jina kwenye bapa, mpini wauache. Mchoro wa bapa ni wa juujuu: miaka michache ya mfuko wa suruali, machungwa, kamba za magunia na jiwe la kunolea, unapauka, halafu unafutika. Chapa ya Case kwenye shina imepigwa ndani ya chuma na haiendi popote. Aliyenunua kwa ajili ya Johnny Cash atakuwa amepata Cash wake kwa muda aliomhitaji, na atakayerithi atakuta Trapper ya mpini mweusi, nambari 54, aipime kwenye mwanga wa dirisha kama nyingine zote.